Ngao ya chombo chako cha anga haiaminiki? Anza kwa kuuliza joto limekwenda wapi

Ninasoma miswada ya hadithi za anga za Kiswahili, mingi ya vijana, na kazi hii naipenda. Lakini kuna mahali ambapo hata mswada mzuri huanza kuvuja. Rubani anapaza sauti, "Washeni ngao!", ngao inang'aa buluu, chombo kinapita katikati ya moto na kutokea ng'ambo bila hata rangi kubabuka. Kuanzia ukurasa unaofuata siwaogopei tena watu waliomo ndani. Na msomaji asipowaogopea, hadithi imeshamponyoka mwandishi.

Ngao yako ni ya kubuni, na iwe ya kubuni. Sidai uandike ripoti ya wahandisi. Ila ngao zote zilizowahi kuruka kweli zimetii sharti moja: nguvu inayokuja haiishi hivihivi. Inasukumwa pembeni, inabebwa na kitu kingine, inatawanywa, au inawekwa akiba mpaka ghala lijae. Kwa hiyo kabla hujafuta sentensi hata moja, rudi pale ngao inapofanya kazi uulize: joto lile limekwenda wapi? Pigo lile limekwenda wapi? Ukikosa jibu, hitilafu umeshaipata, na kilichobaki ni kujua ni ya aina gani.

Ngao moja inazuia kila kitu

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi. Ngao ileile inazuia joto la Jua katika sura ya pili, mawe katika sura ya tano, mionzi katika sura ya tisa. Chanzo chake ni kwamba mwandishi hajamchagua adui. Chandarua kinazuia mbu, hakizuii mvua. Bati linazuia mvua, lakini mchana wa Februari linakuoka. Angani ni vivyo hivyo. Uga wa sumaku unapinda njia ya chembe zenye chaji, kama protoni na elektroni, lakini jiwe linaupita kana kwamba haupo, na vilevile nuru ya Jua, miali ya gama na nyutroni. Nacho kilichoumbwa kuhimili moto mara nyingi hakihimili kugongwa.

Hilo la mwisho limeua watu. Vigae vya silika vilivyofunika vyombo vya space shuttle vya Marekani vilikuwa vya ajabu: kigae kikitoka tanurini, kiini chake kikiwa bado chekundu, mtu aliweza kukishika pembe zake kwa vidole vitupu, kwa sababu sehemu kubwa ya kigae ni hewa na joto hupita humo kwa shida sana. Kingo za mbele za mbawa, zinazopata moto mkali zaidi, zilikuwa za kaboni iliyoimarishwa. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya Columbia kuruka, kipande cha povu la kuhami kilibanduka kwenye tangi kubwa la nje kikagonga ukingo wa bawa la kushoto. Povu, kitu chepesi hivyo. Tarehe 1 Februari, chombo kikirudi, gesi ya moto iliingia kupitia ufa ule, bawa likaliwa kutoka ndani, na wote saba waliokuwemo wakafa.

Tiba: ipe ngao yako adui mmoja inayemweza kweli, kisha mlete adui wa pili hadithini. Mhandisi wako akijua kwamba bamba la moto halitakiwi kuguswa hata na spana iliyoponyoka mkononi, kila tukio la matengenezo nje ya chombo linapata hofu yake bila wewe kuongeza kivumishi.

Chombo "kinawaka kwa msuguano"

Hii ni fupi. Joto kubwa la kuingia angahewa halitokani hasa na kusuguana, linatokana na hewa iliyobanwa ghafla mbele ya chombo. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi bomba linavyopata moto pale chini. Mwaka 1951 H. Julian Allen, mtafiti wa Marekani, aligundua jambo lililowashangaza wenzake: pua butu ni salama kuliko pua kali, kwa sababu inasukuma wimbi la hewa moto mbali na ukuta, na sehemu kubwa ya joto hubaki hewani. Kama chombo chako kina ncha ya mkuki, ncha hiyo ndiyo itakayoyeyuka kwanza. Rekebisha mchoro, usonge mbele.

Ngao inaungua lakini haipungui

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye utamu na ndipo waandishi wengi wanapopakimbia.

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kutoa jasho. Maji kidogo yanapenya ukutani, yanakuwa mvuke nje, na mvuke unaondoka na joto. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu mengine yamejitoa. Ngao zinazojimenya hufanya kazi kwa ukaribu na hilo: tabaka la nje linaungua, linageuka masizi magumu na gesi, gesi inatoka na kuondoka na joto, na tabaka lenyewe linaliwa polepole. Ngao inakulinda kwa kuisha.

Mfano mkali zaidi ninaoujua ni wa kipima kilichobebwa na chombo cha Galileo. Tarehe 7 Desemba 1995 kiliingia angahewa ya Mshtarii kwa kasi ya kilomita 47 hivi kwa sekunde. Kilikuwa na uzito wa kilo 339, na kati ya hizo kilo 152 zilikuwa ngao. Kilipomaliza kupunguza mwendo, takriban kilo 80 za ngao zilikuwa zimekwenda, zimegeuka gesi katika mawingu ya sayari nyingine. Na haikuliwa kama ilivyokadiriwa: puani ililika kidogo kuliko hesabu, mabegani ililika zaidi. Fikiria mhusika wako akisoma vipimo hivyo viwili, pua bado nene, bega linakaribia kuisha, na sekunde zimebaki.

Dalili dada ya hiyo ni ngao inayobanduka vipande. Waandishi wakitaka ajali huongeza moto tu: moto mkali zaidi, ngao inapasuka. Inaweza kuwa kinyume. Orion, chombo cha Marekani, iliyorudi kutoka Mwezini bila watu katika safari ya Artemis I, Desemba 2022, ilifika salama, lakini mafundi walipoikagua walikuta masizi ya ngao yamenyofoka katika sehemu zaidi ya mia moja. Uchunguzi ulichukua karibu miaka 2. Chombo kile kilikuwa kimezama angahewani, kikainuka kidogo, kisha kikazama tena. Katika kipindi kile cha katikati joto la nje lilipungua, na masizi yenye vinyweleo yakawa hayatengenezwi kwa kasi ya kutosha. Ndani, joto lililokwisha kuingia liliendelea kuzalisha gesi. Gesi ikakosa pa kutokea, shinikizo likapanda, na tabaka likapasuka. Ni jambo lilelile linalofanya punje ya mahindi iwe bisi. Majaribio ya ardhini hayakulionyesha mapema kwa sababu yalitumia joto kali kuliko lile la safarini, na katika joto kali gesi ilipata njia.

Moto mpole ndio ulioiharibu ngao. Ukilitumia hilo hadithini, rubani aliyejaribu kuwahurumia abiria kwa kuingia taratibu ndiye atakayekuwa amewatia hatarini, na hatalijua mpaka asikie kishindo cha kwanza ukutani.

"Nyuzi milioni moja," na chombo hakina hata alama

Hapa mara nyingi mwandishi yuko sahihi zaidi ya anavyodhani, ila hakumweleza msomaji. Chanzo ni kuchanganya ukali wa joto na wingi wake. Ingiza mkono kwenye tanuri la mikate, usiguse chuma: unaweza kuuchomoa ukiwa mzima. Ingiza mkono huohuo kwenye maji yanayochemka, ambayo yana nyuzi chache kuliko tanuri, na utalazwa hospitali. Tanurini hewa ni nyepesi, chembe zinazokugusa ni chache.

Korona ya Jua, yaani tabaka la nje la angahewa yake, ina nyuzi zaidi ya milioni moja, lakini ni nyembamba mno. Ndiyo maana chombo cha Marekani cha Parker Solar Probe, kilichorushwa Agosti 2018, kiliweza kupita humo. Tarehe 24 Desemba 2024 kilikuwa kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa Jua, kikienda kilomita 692,000 kwa saa. Ngao yake ina upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita 11.43: povu la kaboni katikati ya mabamba mawili ya kaboni, na upande unaolikabili Jua umepakwa rangi nyeupe ili urudishe nuru. Iliundwa kuhimili nyuzi 1,370 za Selsiasi na zaidi upande wa mbele, huku vyombo vilivyo nyuma yake vikibaki katika nyuzi 30 hivi, joto la mchana wa kawaida Tanga. Na uzito wake ni kilo 73 tu.

Lakini ona udhaifu wake. Ngao hii ni mwavuli, na mwavuli unafaa pale tu unapoelekezwa sawasawa. Chombo kikiinama kidogo, Jua linaramba kilicho nyuma. Kuomba msaada Duniani hakufai, kwani ujumbe unachukua dakika 8 hivi kufika na mwingine kama huo kurudi. Kwa hiyo kwenye ukingo wa kivuli wameweka vihisio vya nuru: kimoja kikiguswa na Jua, chombo chenyewe kinajisogeza hadi kivuli kirudi. Kwangu mimi picha hii inatisha kuliko ngao ya buluu inayotetemeka. Mtu ameketi kivulini, na anatazama mstari wa nuru ukisogea kuelekea viatuni pake.

Ngao inameza mapigo yote, ndani kuna ubaridi

Tuseme hutaki masizi wala mwavuli. Unataka uga wa nguvu, unaomeza miale ya maadui. Sawa. Umeza, halafu? Angani hakuna upepo wa kubeba joto wala maji ya kutumbukiza chuma. Joto linatoka kwa njia moja, kama mionzi isiyoonekana kwa macho. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazungusha amonia ndani ya mabomba hadi kwenye mapezi makubwa yaliyotandazwa nje, na hiyo ni kwa ajili ya joto la kompyuta na watu tu, hakuna anayekipiga risasi.

Una njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kukipa chombo mapezi, na kukubali matokeo yake: pezi likiwa moto sana linatoa joto kwa haraka mno (ukiongeza halijoto yake maradufu, ukianza kuhesabu kutoka sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, joto linalotoka ni mara 16), lakini linang'aa na kila mtu anakuona. Ukilikunja ili lisivunjwe vitani, chumba cha abiria kinaanza kuchemka. Nahodha anapaswa kuchagua.

Ya pili ni kuhifadhi joto na kuhesabu dakika. Muuza samaki anayetoka feri na boksi la barafu hajalishinda jua, amenunua muda. Wasovieti walifanya hivyo kule Zuhura. Venera 13, iliyotua tarehe 1 Machi 1982, ilipozwa kwanza kabla ya kushuka, ikafungiwa ndani ya kuta nene za kuhami, kisha ikatua mahali penye nyuzi 457. Ilitarajiwa kufanya kazi dakika 32. Ilidumu dakika 127, ikatuma picha za rangi za mawe ya kule, kisha joto likaingia. Sijui kwa nini hadithi zetu hazitumii saa ya namna hii mara nyingi zaidi. Ngao inayoshikilia kwa dakika 127, nao mhusika anahitaji 140.

Kuta nene za risasi dhidi ya mionzi

Binti mmoja aliniletea hadithi ya familia inayoishi karibu na Mshtarii, chombo chao kimezungushiwa risasi, ile metali, unene wa nusu mita. Nikamweleza kwamba chembe nzito za mionzi kutoka nje ya mfumo wa Jua, zenye kasi kubwa mno, zikigonga atomi kubwa kama za risasi huzivunja, na vipande vyake vinakuwa mvua mpya ya chembe ndani ya ukuta. Unaweza kuongeza unene ukaongeza na balaa. Vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama plastiki ya poliethilini na maji, hufanya kazi vizuri zaidi kwa uzito uleule, na vyumba vya kulala vya Kituo cha Kimataifa cha Anga vimeongezewa poliethilini kwa sababu hiyo.

"Sasa mwalimu, nikitoa risasi niweke nini?"

"Weka maji yao ya kunywa ukutani."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wakipata kiu watakuwa wanakunywa ngao yao." Hadithi yake ilipata uti wa mgongo siku hiyo.

Risasi na metali nyingine si makosa kila mahali. Kwa elektroni zilizonaswa kwenye uga wa Mshtarii, chuma kinafaa. Juno, chombo cha Marekani, iliyofika huko Julai 2016, imeficha kompyuta zake ndani ya sanduku la titani lenye kuta za sentimita 1 hivi, uzito karibu kilo 200. Kosa ni kudhani kwamba sanduku linazuia yote. Linapunguza kasi ya uharibifu tu, na kilicho nje yake kinaumia haraka. Kamera ya Juno iko nje. Baada ya miaka ya kuzunguka, picha zake zilianza kuwa na mistari na chenga, kama runinga ya zamani antena ikianguka. Mafundi wakashuku sehemu inayodhibiti umeme wa kamera, iliyo mbali nao mamia ya mamilioni ya kilomita. Wakafanya jambo moja waliloweza: wakawasha hita ya kamera, wakaipasha hadi nyuzi 25, wakasubiri. Joto huweza kuzipanga upya kasoro ndogo ndani ya silikoni. Picha zikarudi. Baadaye chenga zikarudi nazo, mwishoni mwa 2023, wiki chache kabla ya kupita karibu na mwezi uitwao Io. Wakaipandisha hita hadi mwisho. Siku za kwanza hakuna kilichobadilika, kisha picha zikaanza kusafika, na tarehe 30 Desemba kamera ikapiga milima ya Io kutoka kilomita 1,500 hivi.

Kama mhusika wako ni fundi, mpe tukio kama hili. Hana kipuri, hafikii kifaa, ana swichi moja ya joto na siku chache.

Vumbi halimdhuru mtu

Kwa kasi ya asilimia 10 ya mwendo wa nuru, punje ya vumbi ya miligramu 1 inabeba nishati ya jouli milioni 450, karibu sawa na kilo 100 za baruti ya TNT. Ukiandika safari ya nyota hadi nyota na ukasahau vumbi, ngao yako imesahau adui mkubwa kuliko wote.

Tiba iliyopo ni ya kushangaza kwa wembamba wake. Mwaka 1947 Fred Whipple, mwanaastronomia wa Marekani, alipendekeza bamba jembamba liwekwe mbele ya ukuta, pakiachwa nafasi kati yao. Bonge la udongo likirushwa ukutani linatoboa. Likirushwa kwenye wavu wa kuku kwanza, linafika ukutani likiwa mchanga uliosambaa. Giotto, chombo cha Ulaya kilichoikabili nyotamkia ya Halley mnamo Machi 1986 kwa kasi ya kilomita 68 kwa sekunde, kilikuwa na alumini ya milimita 1 mbele, nafasi ya sentimita 25 hivi, kisha Kevlar, nyuzinyuzi ngumu za fulana za kuzuia risasi, ya milimita 12. Kilinusurika, lakini sekunde chache kabla ya kufika karibu kabisa chembe moja ilikigonga kikayumba na antena ikaacha kuelekea Duniani sawasawa. Kamera haikupona. Kwa hiyo usiandike tu "ngao ilitobolewa". Andika pigo lililopita salama kwenye ngao lakini likageuza chombo kikatazama kwingine. Nguvu ya pigo imekwenda huko.

Kila ukiongeza ngao, chombo kinakuwa kizito mno kwa hadithi

Dalili ya mwisho huwapata waliozitibu zote zilizotangulia. Sasa kuna masizi, mwavuli, mapezi, maji na alumini, na chombo hakiinuki. Chanzo: unaikinga njia ambayo hukulazimika kuipita.

Satelaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ras Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikapewa jina Uhuru. Kurushwa pale karibu kabisa na ikweta kuliipa mzunguko wa chini unaofuata ikweta, na hivyo ikaepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki Kusini ambako mikanda ya mionzi inashuka karibu na Dunia na kuvuruga vipimo. Juno nayo, pamoja na sanduku lake la titani, ilichorewa njia inayopenya kati ya sayari na mikanda mikali zaidi, kisha kukimbilia mbali.

Kwa hiyo mpe rubani wako ramani kabla ya kumpa ngao. Mweke mezani usiku na penseli, anatafuta njia yenye moto wa saa tatu badala ya moto wa saa kumi na moja, huku mwenzake akimuuliza watakula nini kwa zile siku 40 za mzunguko mrefu.